Kuwaenzi Wafu: Kuhifadhi au Kuachilia?

Wahenga walinena, "Akiba haiozi." Je, akiba yenyewe ikiwa ni kumbukumbu ya marehemu, iwekwe wapi isioze? Swali hili wamelijibu kwa namna ya pekee watu wa kaskazini ya kisiwa cha New Ireland, katika nchi ya Papua New Guinea.

Huko mtu akisha kuzikwa, wajibu wa walio hai haujaisha. Jamaa zake hufuga nguruwe na kulimbikiza vyakula, pengine kwa miaka kadhaa, hata wapate kuandaa sherehe iitwayo malagan, ambayo twaweza kuifananisha na kuanua matanga. Fundi huitwa akachonga sanamu za mti: ndege, samaki, nyoka na nyuso za watu, vyote vimefumana katika gogo moja na kutiwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Siku ya siku sanamu hudhihirishwa, wageni hulishwa, madeni hulipwa, na msiba huwa umekwisha. Hapo kazi ya sanamu nayo imekwisha. Kwa desturi ziliachwa zioze, au zilichomwa moto.

Asiyejua atasema huo ni ubadhirifu. Sivyo. Kinachothaminiwa si mti, bali haki ya kulichonga umbo lile. Haki hiyo ni mali ya ukoo. Hutolewa na kupokewa hadharani kwa malipo, na aliyeipokea hulihifadhi umbo moyoni mpaka siku atakapomwagiza fundi alichonge upya.

Wajerumani, waliotawala huko tangu 1884 hadi 1914, zama zile zile walipoitawala Tanganyika, walikusanya sanamu nyingi wakazipeleka katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Nyingine wenyewe waliziuza kwa hiari, maana zilikuwa zimekwisha kutumika. Basi ni nani aliyebaki na malagan: mwenye mti kabatini, au mwenye umbo moyoni?

Sisi twashika kwamba mrithi ni huyu wa pili. Lakini urithi wake una sharti gumu. Mti wa kabatini waweza kungoja karne nzima. Moyo wa mzee haungoji. Sanamu iliyooza huchongwa tena, ila umbo ambalo kijana hakulipokea halina wa kulichonga. Kwa hiyo kuwaenzi wafu si kulinda vitu vyao tu. Ni kukubali kufundishwa nao wangali hai.