Kisu, Fedha na Hiari ya Mgonjwa

Katika miaka ya 2022 na 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuwatibu watu wenye unene uliokithiri kwa kuwawekea puto tumboni, na kwa upasuaji wa kupunguza tumbo lenyewe. Msomaji wetu wa Butiama aweza kucheka asikiapo habari hiyo. Wazee wetu walimwona mnene kuwa mtu aliyeshiba, na mke aliyenawiri alikuwa sifa ya mumewe. Lakini kisukari na shinikizo la damu havikubaki mijini, na wenye maradhi hayo tunao Musoma na Bunda pia.

Upasuaji huo hatuulaumu. Umewasaidia wengi ambao maradhi ya unene yalikuwa yakiwaua polepole. Ila si jambo dogo. Katika namna moja iliyoenea sana daktari huondoa kadiri ya asilimia 80 ya tumbo la chakula, na kilichokatwa hakirudi. Mgonjwa atakunywa vitamini na kupimwa damu maisha yake yote. Basi neno la kukubali au kukataa ni lake, wala si la mwingine. Papa Pius XII, akisema na madaktari mwaka 1952, alifundisha kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale anayopewa na mgonjwa mwenyewe.

Lakini je, neno hilo ni lake kweli, ikiwa anayemshauri ndiye atakayelipwa akikubali?

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Bunda, mwuza vitenge. Ameuza ng'ombe wanne, akasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, akaingia katika hospitali ya mtu binafsi. Kama daktari aliye mbele yake hupokea mshahara ule ule, akate asikate, hilo ni jambo moja. Kama hulipwa kwa kila upasuaji, ni jambo jingine kabisa, maana kumwambia mama, "Nenda tujaribu chakula kwanza, urudi baada ya miezi sita," ni kuitupa fedha yake mwenyewe. Wala si lazima awe mwongo. Atayaeleza mema akiwa ameketi, na mabaya atayataja akiwa amekwisha kusimama. Na mama naye, ng'ombe wamekwenda, majirani wamekwisha kujua, atarudije na tumbo lile lile? Atatia sahihi. Karatasi itasema ameridhia.

Mnadani kwetu Mara dalali hulipwa ng'ombe akinunuliwa, na hakuna anayeona ajabu. Mnunuzi ajua, kwa hiyo sifa za dalali huzipunguza nusu kabla ya kuzisadiki. Daktari tunamsadiki nzima nzima, kwa kuwa hatumdhanii kuwa dalali. Hapo ndipo hatari ilipo.

Nchi yetu iliwahi kujaribu dawa kali. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere akiwa Rais, sheria ilikataza watu binafsi kutibu kwa ajili ya faida. Mwaka 1991 wakaruhusiwa tena. Nia ya kwanza twaiheshimu, lakini mshahara nao una majaribu yake. Daktari aliyechoka, asiyepata wala kupoteza kitu, aweza kumwambia mgonjwa wa kweli, "Punguza ugali," akamrudisha nyumbani na maradhi yake. Huyo naye amenyang'anywa uchaguzi, ingawa hakuna aliyemtoza senti.

Wala si kila fedha inayoingia katika tiba huharibu hiari. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ilianza kuwatumia nauli kwa simu wanawake wenye fistula walio mbali, wapate kufika kutibiwa. Fedha ile ilimfungulia mwanamke njia aliyokuwa hana. Alipofika aliweza bado kusema hapana. Ile ya mfano wetu humfungia mgonjwa njia ya kurudi.

Kwa hiyo hatuombi malipo yafutwe. Twaomba daktari amwambie mgonjwa waziwazi namna yeye mwenyewe anavyolipwa, kama dalali anavyojulikana. Twaomba pia kwamba wa kwanza kueleza habari ya kisu asiwe yule atakayekishika, bali daktari mwingine asiyepata kitu, mgonjwa akubali au akatae. Naye asingojwe Dar es Salaam. Awe Musoma au Bunda, karibu na nyumbani, na ikibidi pawe na mtu wa kumfasiria mgonjwa maneno kwa Kijita, Kizanaki au Kikurya, kabla ng'ombe hawajatolewa zizini.