Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea

Msomee methali hii mama aliyetoka leba jana, atakutazama kwa jicho kali, na ana haki. Lakini wahenga hawakuwa wakidharau uchungu. Uchungu una siku yake ya kwisha. Kulea huanza upya kila kunapopambazuka, na hakuna anayekupa hongera.

Kwa kawaida methali hii hurushiwa mwanamume aliyezaa akatokomea. Mimi naona inamhusu zaidi yule ambaye hakuzaa, yaani baba wa kambo. Baba mzazi akikosea, watu humtuliza mtoto: "Ndiye babako, utafanyaje?" Baba wa kambo akiteleza mara moja tu, ukoo mzima unakumbuka kwamba mtoto si wake. Hana damu ya kumtetea. Ubaba wake wote uko katika kazi.

Chukua David Sheldrick, msimamizi wa kwanza wa Hifadhi ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948: nyika kavu ya zaidi ya kilomita za mraba 13,000, yenye udongo mwekundu unaowapaka hata ndovu rangi yake. Hapo ndipo moyo wake ulipokuwa. Mwaka 1960 alimwoa Daphne, aliyekuja na binti mdogo aliyemzaa na mume wake wa kwanza, Bill Woodley, naye pia mhifadhi wa Tsavo. Mtoto huyo akakulia katika nyumba iliyojaa yatima: ndovu, vifaru, nyati, swala. Pale mtoto wa kambo hakuwa kioja, maana karibu kila aliyenyweshwa maziwa uani alikuwa na mlezi asiyemzaa.

Kama kuna mzazi wa kubishana na wahenga, ni ndovu, anayebeba mimba miezi 22. Hata hivyo, ndama wake akiachwa bila mama kabla ya kumaliza miaka miwili ya mwanzo, ni nadra apone bila maziwa. Daphne alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa yatakayomfaa, na mafuta ya nazi yakawa sehemu ya jibu. Ndama mmoja, Aisha, alinawiri kwa mchanganyiko huo. Kisha Daphne akasafiri kwenda kwenye harusi ya binti yule yule wa ndoa ya kwanza. Aisha akagoma kula, akafa. Maziwa yalikuwapo, na watu wa kumnywesha walikuwapo. Aliyekosekana ni yule aliyemzoea.

Hapo ndipo methali inapofika ndani kuliko tunavyoipeleka sisi. Kulea si kulisha na kulipa karo tu. Ni kuwapo mpaka mtoto akuzoee, na mazoea hayo yakishajengeka yanakufunga wewe na yeye pia. Ndiyo maana mtu anaweza kumlilia baba wa kambo kilio kizima, bila kumwomba mtu ruhusa. Leo katika kituo cha ndovu yatima cha Nairobi walezi hupokezana, na usiku hulala karibu na ndama, ili mmoja akiondoka ndama asibaki mpweke.

David alifariki mwaka 1977, muda mfupi baada ya kuhamishwa kutoka Tsavo kwenda Nairobi. Mwaka huo huo mjane wake alianzisha shirika lenye jina la mumewe, akaendelea kulea ndovu yatima hadi alipofariki mwaka 2018. Sasa linaongozwa na Angela, binti ambaye David na Daphne walimzaa pamoja. Angela alizaliwa baada ya ndoa ile. Kwa hiyo, kati yao wawili, aliyetangulia kulelewa na David ni dada yake, yule wa kambo.