Aliyeshiba kwa Matonge Matatu Anadaiwa Nini Mezani?

Katika Kiswahili mtu anaweza kula bila kutafuna chochote. Hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula rushwa. Wanaochangishana fedha ili wanunue kitu kwa pamoja husemwa wamekula bia, hata kama hakuna aliyemeza tonge (hapa Bujumbura usemi huu huchekesha, maana bia tunayoijua sisi ni ile ya chupa). Naanza na kitenzi hiki kwa sababu swali langu linakihusu. Mtu ambaye madaktari wamempunguza tumbo, akiketi na watu, akala matonge matatu akanawa mikono, je, amekula nao? Na kama hakula nao, amewakosea?

Upasuaji wenyewe si jambo la jana. Mwaka 1966 madaktari Edward Mason na Chikashi Ito, wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, walianza kuwapasua watu wanene kupita kiasi ili chakula kiingie katika sehemu ndogo tu ya tumbo. Aina inayofanywa sana siku hizi huondoa kiasi cha 80% ya mfuko wa tumbo, na kinachobaki ni kijifuko chembamba chenye umbo la ndizi. Mkazi wa Cibitoke, mtaa ambao jina lake lina neno la Kirundi la ndizi ndani yake, hawezi kulisikia hilo bila kutabasamu. Nairobi kuna hospitali zinazofanya upasuaji huu, na katika miaka hii ya karibuni hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni bila kuwakata. Warundi wengi waliopasuliwa, nadhani, ni wale wanaoishi Ulaya, ambao hurudi nyumbani kwa harusi na misiba.

Anayetoka katika upasuaji huo hupewa sheria. Kwanza ni vinywaji tu, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na baada ya wiki kadhaa ndipo vigumu. Aanze na nyama, samaki, mayai au maharage kabla ya wanga, kwa sababu nafasi ni ndogo na mwili unahitaji protini. Atafune sana. Asinywe huku anakula, asubiri kama nusu saa. Vinywaji vyenye gesi aviepuke. Sukari nyingi inaweza kumletea kizunguzungu, jasho na kuhara, hasa kwa waliounganishwa utumbo. Pombe nayo humpanda upesi kuliko zamani. Vitamini atameza maisha yake yote.

Sasa ziweke sheria hizo juu ya meza ya Cibitoke. Samaki wa Tanganyika wanamfaa sana: mukeke wa kuchemsha, sangala, hata ndagala zikitafunwa taratibu. Maharage yanamfaa. Mishikaki ya mbuzi ni mtihani, kwa kuwa nyama ngumu hukwama kifuani na kurudi ilikotoka. Ugali wa muhogo ni mtihani mkubwa zaidi. Sisi tumelelewa kuukata tonge, kulichovya na kulimeza. Anayeutafuna ugali wa muhogo kama mkate huonekana ama mgeni ama mgonjwa. Kisha inaletwa chupa. Heshima ya mgeni Bujumbura hupimwa kwa chupa, Primus ya sentilita 72 au Fanta kwa asiyekunywa pombe, tena hufunguliwa mbele yake. Yote mawili yana gesi, na yote mawili huletwa pamoja na chakula. Mtu huyu amekatazwa karibu kila kitu ambacho kwetu ni alama ya kukaribishwa.

Shangazi yangu anaishi Brussels na alipasuliwa huko. Aliporudi Cibitoke kwa ajili ya kuganduka, yaani kumaliza matanga ya ndugu yake, hakumwambia mtu. Alipakuliwa sahani iliyojaa, kama anavyostahili dada wa marehemu. Akala kidogo, akaisukuma kando. Mzee mmoja akamuuliza, "Mwanangu, mbona huli chakula cha kaka yako?" Akajibu kwamba tumbo linamuuma. Kesho yake likawa jibu lilelile, na kesho kutwa vilevile. Kufikia siku ya nne avenyu nzima ilikuwa na maelezo mawili. Wa kwanza walisema amekonda kwa ugonjwa. Watu waliokua katika miaka ya 1990 hawajasahau jinsi kukonda kulivyosomwa wakati ule wa UKIMWI. Wa pili walisema ndagala zilizopikwa zilikuwa zimeharibika. Maelezo haya ya pili yalimwangukia mke wa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa ameamka saa kumi usiku kuwasha moto. Hakuna aliyemlaumu usoni. Waliacha tu kuomba kuongezewa.

Wapo watakaosema kosa halikuanzia mezani bali Brussels, kwamba aliyeshindwa kujizuia amenunua kujizuia kwa kisu. Hoja hii nimeisikia hata kwa wanafunzi wenzangu, nao humtaja Aristotle, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifanya kiasi kuwa fadhila. Lakini Aristotle yuleyule, katika kitabu chake cha maadili yanayoitwa ya Nikomako, anatoa mfano wa chakula cha wanamichezo: kiwango kinachomtosha mwanzo wa mazoezi si kile kinachomtosha Milo, bingwa wa mieleka. Kiasi, kwake, hakiko katikati ya sahani. Kiko katikati kwa kumtazama mlaji. Basi matonge matatu kwa shangazi yangu si unyimi wala maringo. Ni kiasi chake, kama vile sahani mbili zilivyo kiasi cha mbeba mizigo wa sokoni.

Hoja ngumu zaidi ni ile ya tamaa. Aristotle anamtofautisha mwenye kiasi, ambaye hatamani kupita inavyopasa, na anayejizuia, ambaye anatamani lakini anajishika. Upasuaji huondoa sehemu ya tumbo inayotoa kwa wingi homoni ya ghrelini, ile inayoamsha njaa. Kwa hiyo tamaa inapungua bila mwenyewe kupigana nayo. Je, hiyo ni fadhila? Mimi nasema bado si fadhila wala si kasoro. Ni hali tu, kama kuzaliwa na sauti nzuri. Fadhila inaanza baadaye. Njaa hurudi, kijifuko hutanuka, na wapo ambao uzito huwarudia. Soda iliyotolewa gesi na aiskrimu hupita katika tumbo dogo bila taabu. Aliyepasuliwa anachagua kila siku, pengine kuliko sisi ambao hatujawahi kuhesabu matonge yetu. Kumwambia kwamba kisu kimemfanyia kazi yote ni kutomtazama anavyokula.

Narudi kwenye kukosea. Nimejiuliza kwa nini shida ilitokea Cibitoke, wakati siku mbili kabla yake alikula Buyenzi kwa jamaa zetu Waislamu bila mtu kugundua lolote. Nadhani jibu ni sinia. Kule pilau liliwekwa katikati, watu watano wakalizunguka. Katika sinia hakuna anayehesabu mkono wa mwenzake umekwenda mara ngapi. Tena anayekula kidogo huwaachia wenzake, na kuacha huko ni adabu. Mafundisho ya dini yao yanasema kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, na kwamba theluthi ya tumbo ibaki kwa ajili ya pumzi. Sahani ya mtu mmoja, kinyume chake, ni kama karatasi ya mtihani. Ina jina lako, na kilichobaki juu yake kinasomwa. Tulipoanza kumpakulia kila mgeni peke yake tulidhani tumemheshimu zaidi, na kwa kweli tulimpa kazi ya kumaliza.

Kwa hiyo sioni kwamba shangazi yangu aliwanyima wenyeji kitu kwa kula kidogo. Walichostahili kwake kilikuwa kuwapo, na alikuwapo: alikaa hadi usiku, alilia nao, aliimba nao. Hakuwa na deni la kuwaeleza watu mia moja habari za utumbo wake. Mwili wa mtu si shauri la avenyu. Mzee aliyeuliza angeweza kujibiwa, "Nimeshiba, baba, Mungu akubariki," na lingekuwa jibu la kweli. Hapo ndipo natofautiana na wanaosema uongo wa adabu haumdhuru mtu. "Nimeshiba" linamhusu msemaji. "Tumbo linaniuma," likisemwa mbele ya sahani siku tatu mfululizo, linamhusu mpishi. Ukweli wa mwili wake alikuwa na haki ya kuuficha kwa wote isipokuwa mmoja, yule ambaye jina lake lilikuwa ndani ya sufuria. Kumvuta jikoni na kumnong'oneza kungechukua dakika mbili. Naye, nawajua wake wa ukoo wetu, angempakulia tangu siku ya kwanza mukeke mdogo katika kisahani na kumfukuza kila mwenye maswali.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba nazungumzia matatizo ya walioshiba. Ni kweli, na jambo hilo linaniumiza. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2016-2017 ulionyesha kwamba 56% ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi hiyo, sahani iliyosukumwa kando ikiwa na nyama ina uzito ambao haina Brussels. Sidhani hata hivyo kwamba dawa yake ni kumlazimisha aliyepasuliwa amalize. Chakula kinachomtapisha hakimfikii mtoto yeyote. La maana ni wakati. Chakula kikigawanywa kabla hakijaguswa ni zawadi, na anayepewa hukipokea kwa mikono miwili. Kikigawanywa baada ya mkono kuingia ni makombo, na anayepewa hujua kwamba amepewa makombo, hata akiwa na umri wa miaka sita. Kitu ni kilekile, mfupa ni uleule. Anayejua kwamba atakula robo anaweza kutenga robo tatu mwanzoni, na nadhani kwa jambo hili, tofauti na lile la kueleza, analazimika kweli.

Hotelini mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu pale uhusiano ni wa bei. Katika nchi nyingine waliopasuliwa hupewa na madaktari wao kadi ndogo ya kumwonyesha mhudumu, inayoomba wauziwe sahani ya mtoto. Shangazi yangu anayo ya Kifaransa. Hapa kwetu hakuna sahani ya mtoto. Mtoto hula kwenye sahani ya mama yake. Tulipokwenda kula karibu na soko aliiacha kadi mkobani, akaagiza sangala mmoja na sahani mbili tupu, akamgawa samaki kabla ya mtu yeyote kuchukua uma: kipande cha mgongoni kwake, kilichobaki kwetu sisi wawili tulioagiza ndizi tu. Mhudumu alituangalia, akauliza kama tumeishiwa fedha. Shangazi akamwambia hapana, ndivyo tunavyokula. Akalipa bei kamili, pamoja na Fanta ambayo hakuifungua. Nilitaka kumwambia airudishe chupa, akanikataza: yule binti anauza chakula, lakini anauza pia kiti na kivuli, na sisi tulikuwa tumekaa pale tangu saa saba mchana.