Haki ya Kujua kwa Niaba ya Mtoto
Upungufu wa kurithi wa alfa-1 antitripsini, yaani protini inayotengenezwa na ini na kuyakinga mapafu, ulielezwa na Laurell na Eriksson nchini Uswidi mwaka 1963, na kati ya 1972 na 1974 watoto wachanga wapatao 200,000 wa nchi hiyo walipimwa damu, kisha upimaji ukasitishwa kwa sababu ya dhiki iliyowapata wazazi. Je, mzazi ana haki ya kujua, kwa niaba ya mtoto asiyeweza kukubali wala kukataa, hatari ambayo huenda isitokee kamwe? Mtu mzima hujiamulia. Kumnyima mtoto habari hiyo, hata hivyo, ni dhuluma, kwa kuwa moshi wa tumbaku, unaoepukika, ndio unaoharakisha mno kuharibika kwa mapafu yake, na dhiki ya wazazi, ingawa ilikuwa nzito, ilihitaji washauri wenye huruma na subira, si kusitishwa kwa upimaji.