Kuuza mgao ni kosa?

Hapa Nyarugusu, mama akionekana sokoni anauza unga wa mgao, watu wanasema: huyu hana shukrani. Mimi sikubali. Msaada wa chakula hupangwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Sawa, tumbo litajaa. Lakini mtoto anataka pia lengalenga ya kuongeza damu, na dagaa ili akue. Unga peke yake hautoi hivyo. Mama akiuza kopo moja anunue mboga, hajatupa msaada, ameukamilisha. Kwamba unga utaisha mapema, anajua kuliko sisi. Shukrani si kuacha kufikiri. Ndugu zetu wa mashirika, kliniki mnatufundisha mlo kamili. Mkimkuta sokoni, msimuulize kwa nini anauza. Muulizeni leo anapika nini.