Mlevi Aliye Kashoni

Tuseme mtu amekunywa lutuku, akavuta na bangi, anafanya fujo mtaani Katuba. Majirani wanawaita polisi, naye anatiwa kasho. Usiku anatapika, anatetemeka, haitikii jina lake. Je, askari ana lazima ya kumtafutia mganga?

Wengi watajibu: amejitakia mwenyewe. Ndivyo walivyosema wengine mwaka 2021, vijana wa Kinshasa walipokamatwa kwa ajili ya bombé, ule unga wenye mabaki yaliyosagwa ya bomba la moshi la motokari. Haya, tukubali amejitakia. Lakini aliyeanguka mwembeni akiiba maembe naye amejitakia, na mguu wake twaufunga. Tena, nani kasema ni pombe tu? Malaria iliyopanda kichwani, pigo la kichwa, sukari iliyopungua katika damu, zote zaweza kumfanya mtu aonekane mlevi. Askari hawezi kuzipambanua kwa kumnusa mdomo.

Na jambo hili wengi hawalijui. Aliyezoea pombe kali miaka mingi, akiikosa ghafula, aweza kupatwa na kifafa katika siku mbili za kwanza. Kisha, karibu na siku ya tatu, aweza kuingiwa na wazimu wa kutetemeka, hata kufa. Katiba yetu ya mwaka 2006, sharti la 18, yawapa polisi saa 48, kisha wamwachilie mtu au wampeleke kwa wenye sheria. Basi hatari yamkuta mle mle kashoni, wakati askari anadhani pombe imekwisha kumtoka! Sharti hilo hilo laagiza kila mfungwa atunziwe uhai wake na afya ya mwili na ya akili.

Neno gumu zaidi ni hili. Mama mwenye mtoto mgonjwa anakwenda kwa miguu mpaka hospitali ya Sendwe, na analipa. Kwa nini mlevi apelekwe na serikali? Neno hili limenisumbua. Nadhani jibu li katika ufunguo. Mama yule, pamoja na taabu yake, ana miguu. Mtu wa kasho amenyang'anywa miguu yake, na aliyeichukua ndiye anayedaiwa mwendo. Askari hana gari wala faranga? Mara nyingi ni kweli. Basi awaite ndugu zake, awafungulie mlango. Na wakati wa kungoja amlaze ubavu, asije akasongwa na matapishi.

Nasi tuliowaita polisi? Tulitaka mtaa utulie, ukatulia, tukalala. Asubuhi ni nani kwetu aliyepita kuuliza kama yule mtu ameamka?