Usimalize Pumzi Kwenye Kona ya Kwanza

Mwanangu, nimesikia unataka kuacha chuo ili ukimbie. Kaa kidogo, chai bado ipo. Nikusimulie habari za John Baxter Taylor.

Alizaliwa Washington mwaka 1882, wazazi wake wakiwa watu waliowahi kuwa watumwa, akakulia Philadelphia. Mbio zake zilikuwa kama zako, mita 400. Unazijua. Ukimaliza pumzi kwenye mita 200 za kwanza, kona ya mwisho miguu inakuwa mizito kama magunia ya chumvi. Nami ujanani nilizikimbia hivyo. Laiti mtu angeniambia nisubiri.

Taylor alisubiri. Alikimbia huku anasoma, miaka mingi, mpaka mwaka 1908 akahitimu udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kiangazi hichohicho akaenda Olimpiki ya London.

Fainali ikaharibika. Mmarekani mwenzake, Carpenter, alimziba njia Mwingereza Halswelle walipokuwa wakielekea kumaliza. Waamuzi wakapiga kelele, na Taylor akatolewa njiani mbio zikiendelea. Hebu fikiria, mwanangu! Carpenter akaondolewa, ikaamriwa mbio zirudiwe. Taylor na mwenzake Robbins wakakataa. Tarehe 25 Julai Halswelle alikimbia peke yake, akapewa dhahabu.

Taylor angeweza kususa mashindano yote na kufunga mizigo. Siku hiyohiyo alikuwa uwanjani kwa mbio za kupokezana. Wenzake Hamilton na Cartmell walikimbia mita 200 kila mmoja, yeye 400, mwenzao Sheppard akamalizia 800. Wakashinda. Hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa amepata dhahabu ya Olimpiki kabla yake.

Desemba 2 mwaka huohuo akafariki kwa homa ya matumbo. Alikuwa na miaka 26. Kila nikifika hapa moyo unaniuma.

Najua utaniambia: unaona, baba, maisha mafupi, kwa nini nisubiri? Lakini tazama, hakuwa ameahirisha kitu. Mkimbiaji alikuwa, msomi alikuwa, vyote kwa pamoja, kila siku kwa kiasi chake. Wewe ndiye unayetaka kutupa kimoja.

Basi barua ya kuacha chuo iweke kabatini mpaka mitihani ipite. Na kesho alfajiri njoo uwanjani. Nitakushikia saa. Mita 200 za kwanza zikimbie taratibu kuliko unavyotaka, hata wenzako wakikuacha.